Mafuta ya Turkana hayatatushushia bei

Juzi mwanasiasa mmoja alichukua kipaza sauti mazishini na kuwaahidi waombolezaji kwamba mafuta ya Turkana yakianza kuchimbwa, petroli itakuwa rahisi na Kenya itajitegemea. Watu wakampigia makofi. Ahadi hii imenichosha. Tumelishwa tangu Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alipotangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta kwenye kisima cha Ngamia 1, na kila bei inapopanda tunaambiwa tuvisubiri visima vya Lokichar, huko huko Turkana.

Lokichar ikitoa mafuta kesho, bei ya petroli Nairobi haitashuka hata thumni kwa sababu hiyo. Pipa la mafuta halina uraia. Anayelichimba ataliuza kwa bei ya soko la dunia, mnunuzi awe China au Changamwe. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 na pipa likapita dola 120, Norway, nchi yenye mafuta tele, haikuwauzia raia wake kwa bei ya undugu. Nigeria imechimba mafuta tangu miaka ya hamsini, na kwa miaka mingi imepanga foleni kununua petroli iliyosafishwa ng'ambo. Ruzuku ilipoondolewa mwaka 2023, bei iliruka zaidi ya maradufu kwa muda mfupi. Visima vyao vilikuwa pale pale.

Kisha mtu ananiuliza: mbona Saudi Arabia petroli ni rahisi? Huyo hajahesabu. Saudi Arabia huchimba mamilioni ya mapipa kwa siku, na mpango wa Lokichar unaanza na 20,000. Tena mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda, na kiwanda cha kuyasafisha hatuna. Cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Shehena ya kwanza iliyoondoka Mombasa Agosti 2019 ilikwenda ng'ambo ikiwa ghafi. Nani aliona bei ya pampu ikishuka siku ile?

Wanaotoa ahadi hizi hawataki tuzungumzie kodi. Julai 2023 VAT ya mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo huo lita ya petroli Nairobi ikafika shilingi 217. Julai 2024 tozo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na barabara ya mtaani kwetu bado ni mashimo matupu. Mvua ikinyesha, bodaboda hazifiki. Hakuna sheikh wa Ghuba aliyepandisha tozo hizo. Zilipandishwa hapa Nairobi, na wengi wa waliozipitisha ndio hao hao wanaozunguka mazishini wakiahidi Turkana.

Kujitegemea tunakokuimba tayari tunako, ila si kwenye mafuta. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa, jua, na upepo wa Loiyangalani. Mvuke ule hatuuagizi kwa dola, na vita vya Ulaya haviupandishi bei. Gari, pikipiki au treni inayotumia umeme huo haina haja ya kusubiri tangazo la bei la EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14.

Sasa itazameni reli yetu ya kisasa. Ilizinduliwa mwaka 2017 kwa injini za dizeli, kwa mabilioni ya mkopo wa China. Mwaka 2019 ikasogezwa hadi Naivasha, si mbali na visima vya mvuke vya Olkaria, na hata hapo inaendeshwa kwa dizeli iliyotoka Ghuba. Tanzania walianza baada yetu, na tangu 2024 treni yao inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa umeme. Walioamua kutununulia injini za dizeli waliujua mvuke wa Olkaria, kwa kuwa umeme ulikuwa ukizalishwa huko tangu 1981. Wao ndio wanaodaiwa maelezo.