Kibarua cha Kalamu



Nina neno na wadogo zangu walio darasani, na wenzangu tuliokwisha kumaliza shule. Mwezi uliopita kijana mmoja wa shule yetu alinijia nyumbani Buyenzi akaniambia, "Kaka, nimesikia kwamba unaandika michezo ya Wazungu na kulipwa dola. Nionyeshe njia." Sikumwonyesha njia, nilimwonyesha daftari langu la hesabu. Leo nalifungua mbele yenu nyote.

Michezo yenyewe si ya kompyuta. Ni ya mezani. Watu wanne au watano huketi pamoja, mmoja husimulia kisa, wengine hujifanya watu wa kisa hicho, na dadu huamua nani afaulu na nani ashindwe. Mchezo maarufu wa namna hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezo una vitabu vyake, na vitabu vyataka maneno mengi. Makampuni mengi ni madogo, hayawezi kuweka waandishi wa mshahara. Kwa hiyo hutafuta vibarua kama mimi, na kuwalipa kwa hesabu ya maneno.

Kampuni moja ya ng'ambo iliniagiza maneno 8,000 ya Kiingereza, kisa cha wavuvi wa Ziwa Tanganyika, kwa senti 4 za dola kila neno. Hizo ni dola 320. Nilifurahi sana, nikatia sahihi siku ile ile. Kazi ilinichukua saa 148, pamoja na kuandika upya mara mbili bila malipo ya ziada. Mapatano yalikuwa kulipwa baada ya kitabu kutoka, nacho kilitoka baada ya miezi 14. Gharama za kuleta fedha zikala dola 24. Zikabaki 296. Gawanyeni wenyewe: ni dola 2 kwa saa.

Lakini hilo si jambo lililoniuma. Baadaye kitabu kilifasiriwa kwa lugha nyingine, kikauzwa tena. Niliandika kuuliza fungu langu. Nikajibiwa kwa adabu kwamba nisome mkataba. Ndipo nilipousoma kwa mara ya kwanza. Kumbe niliuza kisa chote, kwa lugha zote, hata milele. Msingi wake ulikuwa hadithi aliyonisimulia marehemu babu yangu kule Rumonge. Leo nikitaka kukifasiri kisa kile nilichokiandika na kukichapa katika gazeti hili, sharti niombe ruhusa ng'ambo. Siwezi kusema nimeibiwa. Sahihi ni yangu.

Mambo haya si mageni. Bibi Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza ya mchezo wake wa wenye nyumba na wapangaji mwaka 1904. Mchezo ule ndio uliozaa Monopoly. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki zake kwa dola 500, bila mrabaha, yaani bila fungu la kila mchezo uuzwao. Charles Darrow, aliyewauzia Monopoly, alipata mrabaha akatajirika.

Sasa tazameni upande wa pili. Bibi Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika, aliutoa mchezo wake wa vipande 54 vya mti huko London mwaka 1983, akauita kwa neno letu: Jenga. Alikopa fedha na kuona taabu nyingi, lakini jina hakukubali libadilishwe. Haki ya mchezo ule haikuuzwa moja kwa moja kwa kampuni kubwa ya Hasbro, ilikodishwa. Mwenye kukodisha shamba bado ana shamba.

Wako wasemao kwamba basi tusiwaandikie watu wa nje kabisa. Mimi sikubaliani nao. Mchapaji naye hulipa wachoraji, karatasi, matbaa na meli kabla ya kuuza hata kitabu kimoja, na vitabu vingine hudoda ghalani. Tena kibarua kile kilinifundisha kuandika kwa ufupi na kumaliza kazi kwa siku iliyopangwa. Kibarua si aibu. Aibu ni kuuza usichojua kwamba unakiuza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kutia sahihi ulizeni maneno matatu: Nitalipwa lini, tangu nitoapo kazi au tangu itokapo kitabuni? Kikichapwa tena au kikifasiriwa, nitapata nini? Na jina langu litaandikwa? Mkijibiwa vibaya, kazi ya kutunga majina ya miji na bei za panga mwaweza kuifanya, kwani hiyo ni jasho tu. Hadithi za babu zenu wekeni nyumbani mpaka apatikane wa kuzikodi.

Yule kijana aliondoka kimya, nikadhani nimemvunja moyo. Juzi alirudi na mkataba wake mkononi, haujatiwa sahihi, akasema, "Kaka, tuusome pamoja." Tuliusoma mpaka usiku. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni mimi, mwanafunzi wenu wa zamani,
Bujumbura.