Bandari isiogope kumuuza nyota wake, iogope kuchelewa

Kila dirisha la usajili linapokaribia, mabaraza yetu kutoka Kizingo hadi Mji wa Kale hurudi kwenye swali moja kuhusu Bandari FC: nyota wa timu auzwe ama abaki? Jina hubadilika. Mwaka huu huwa ni kipa, mwaka ule ni mshambuliaji. Hoja ni zilezile. Kuna wanaosema timu inayouza wachezaji wake bora haitaki kombe. Na kuna wanaojibu kwamba mshahara wa mtu mmoja ukishinda wa wenzake wanne pamoja, heri aende na salama.

Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka na naona zote zinaanzia pasipofaa. Mchezaji mzuri wa klabu ya Kenya ataondoka tu. Tanzania wana pesa kutushinda, Waarabu wana pesa kuwashinda Watanzania, na Ulaya iko pale pale. Kinachobaki mikononi mwetu ni mambo matatu: aondoke lini, nani ameandaliwa kushika nafasi yake, na pesa zake ziende wapi. Klabu isiyoamua hayo mapema huamuliwa na ajenti.

Tuanze na kisa cha nyumbani. Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa Bandari. Januari, chini ya kocha Bernard Mwalala, ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Simba 2-1 katika nusu fainali ya SportPesa Super Cup, kabla ya kupoteza fainali 1-0 mbele ya Kariobangi Sharks. Ligi ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, kama ilivyofanya 2018. Juni ikalipiza kisasi kwa Sharks, 3-1, ikatwaa Ngao ya FKF na tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Langoni alikuwa Farouk Shikalo, ambaye mwaka huohuo aliitwa kikosi cha Harambee Stars kilichokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri.

Kabla msimu mpya haujaanza, Shikalo alikuwa mchezaji wa Yanga.

Wengi hapa kwetu husimulia kwamba Bandari iliporomoka kwa sababu ya kuondokewa na kipa yule. Tukumbuke vizuri. Bila Shikalo, lango likiwa na Mrundi Justin Ndikumana, Bandari iliitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, kisha ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, ikaja kusimamishwa na Horoya ya Guinea ikiwa imebakiza hatua moja kuingia makundi. Na mechi zake za nyumbani ilizichezea Nairobi, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF. Timu iliyokosa kipa haifiki huko. Kilichofuata ndicho kilichoiumiza: Mwalala naye akaondoka, na Bandari haikupigania tena ubingwa msimu ule. Pengo la mchezaji mmoja lilizibika. Ukikosa mpango wa miaka mitatu ijayo, usajili wa mtu mmoja hauwezi kuuziba.

Majirani zetu wametupa mifano miwili inayopingana, na yote ina faida kwetu.

Simba ilikuwa imechukua ubingwa wa Tanzania mara nne mfululizo ilipofika Agosti 2021. Dirisha hilohilo moja ikawauza Luis Miquissone kwa Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco. Kila mauzo ukiyatazama peke yake yalikuwa na maana, kwa sababu klabu zile haziji kila siku. Lakini hao wawili ndio waliokuwa wakiifungua milango ya wapinzani, na kuwang'oa pamoja kulikuwa kama kutoa nguzo mbili za nyumba siku moja. Msimu ule Yanga ikachukua kombe bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Kufikia Januari 2022 Simba ilikuwa imeshamrudisha Chama.

Yanga ilifanya vingine. Fiston Mayele aliibuka mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho 2022/23 kwa mabao 7, na timu ikafika fainali, ikapoteza kwa USM Alger kwa bao la ugenini. Baada ya hapo Mayele akauzwa Pyramids ya Misri. Mashabiki walilia. Lakini Yanga haikuporomoka. Uzito wa mabao ulihamia kwa viungo, na Stephane Aziz Ki, aliyekuwapo tayari, akamaliza msimu uliofuata kama mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Ubingwa ulibaki Jangwani, na katika Ligi ya Mabingwa walifika robo fainali, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu.

Tofauti ya Simba na Yanga haikuwa bei. Yanga ilipomuuza Mayele, aliyembebea mzigo alikuwa keshazoea jezi.

Hata Gor Mahia ina somo. Mwaka 2015 Michael Olunga alifunga mabao 19 Gor ikiwa bingwa bila kupoteza mechi, kisha akaenda Djurgården ya Sweden. Mwaka 2016 kombe likaenda Tusker. Lakini Meddie Kagere alikuwa tayari kikosini na Jacques Tuyisenge akaletwa, na kuanzia 2017 Gor ikatawala. Kagere alipokwenda Simba katikati ya 2018, ligi bado ilikuwa ya Gor. Hapo uwanjani walifaulu. Ofisini je? SportPesa ilipojitoa kwenye udhamini mwaka 2019, wachezaji wa klabu iliyouza nyota wote hao walijikuta wakidai mishahara. Kuuza hakutajirishi klabu ikiwa kila shilingi inayoingia inazima moto wa jana.

Tatizo hili si letu peke yetu. Wamarekani wana mchezo wa besiboli, wenye vipindi 9, na timu inayoongoza humwingiza kipindi cha mwisho mrushaji maalumu ambaye kazi yake ni moja: kuulinda ushindi usiponyoke. Hulipwa fedha nyingi kwa kazi ya dakika chache, na kila mwaka hubishana kama auzwe. Julai 2016, New York Yankees walikuwa na Aroldis Chapman, mmoja wa wanaorusha kwa kasi kuliko wote, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Yankees hawakuwa karibu na kombe. Wakampeleka Chicago Cubs na kupewa wachezaji wanne, akiwamo kijana Gleyber Torres. Cubs wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Desemba, Chapman akiwa huru, Yankees wakamsajili tena kwa miaka mitano na dola milioni 86, huku Torres amebaki mkononi mwao. Baadaye Torres akachaguliwa kikosi cha nyota wa ligi mara mbili mfululizo.

Kila upande ulipata ulichokihitaji kwa sababu kila upande ulijua ulipo. Cubs walikuwa juu na walihitaji mtu wa kufunga kazi. Yankees walikuwa katikati, na mlinzi wa ushindi hana kazi kwenye timu isiyoshinda.

Sasa turudi Mbaraki. Bandari ni mali ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, na hiyo ni neema ambayo klabu nyingi za ligi hazina. Haiishi kwa tiketi za mlangoni. Lakini neema hiyo ina mtego wake: klabu ambayo mshahara unatoka kwa mzazi haina haraka ya kuhesabu. Humbakisha nyota kwa sababu inaweza kumlipa, mpaka mkataba unayoyoma. Na sheria za FIFA ziko wazi: ikibaki miezi sita au chini yake, mchezaji ana haki ya kutia saini na klabu nyingine, na klabu yake haipati ada ya uhamisho kwa kuondoka kwake. Wazee wetu walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Bandari ikianza kuuza jioni, itakuta mnunuzi keshafunga mizigo yake.

Kwa hiyo pendekezo langu lina masharti. Mchezaji tegemeo akifikisha mwaka mmoja na nusu kabla ya mkataba kwisha, aitwe mezani. Akiongeza, vyema. Akikataa, auzwe dirisha la katikati ya mwaka, msimu ukiwa umekwisha na kocha ana wiki za kupanga upya. Wasiuzwe nguzo wawili dirisha moja. Na asiuzwe mtu ambaye msaidizi wake hajacheza mechi za ligi za kutosha. Kipa wa pili asiyepewa hata mechi tano kwa msimu si kipa wa pili, ni mtazamaji mwenye glovu.

Kuna hali moja ngumu, na sitaikwepa. Ni Januari, mkataba wa nyota unaisha Juni, na Bandari iko nafasi ya pili. Auzwe? Hapo nasema abaki, hata kama Juni ataondoka bure. Tangu Feisal ya Mombasa ichukue ubingwa wa Kenya mwaka 1965, hakuna timu ya Pwani iliyolileta kombe la ligi huku. Kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao hawajawahi kuliona. Kwa kombe hilo, kupoteza ada ya uhamisho ni gharama halali. Lakini Januari ikitukuta nafasi ya sita au ya nane, kumshikilia nyota kwa ajili ya heshima ni israfu. Auzwe hiyo Januari.

Linabaki suala la pesa, na hapa ndipo shabiki anapodanganyika kirahisi. Klabu zetu hazina desturi ya kutangaza mchezaji ameuzwa kiasi gani wala fedha zimefanya nini. Mimi sidai kila hati ibandikwe ukutani. Nataka klabu itamke hadharani, kabla ya kuuza, kwamba fungu fulani la kila mauzo litakwenda kwenye timu za vijana wa Likoni, Kisauni, Changamwe na visiwani Lamu. Hiyo si sadaka. FIFA hutenga asilimia 5 ya ada za uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana aliyesajiliwa Mbaraki tangu msimu aliotimiza 16 hadi ule wa 20 huiletea klabu asilimia 2.5. Akiuzwa huko mbele kutoka Misri kwenda Ulaya kwa shilingi milioni 100, milioni 2 na nusu zinarudi Mombasa, na hurudi kila anapouzwa tena kutoka nchi hadi nchi akiwa na mkataba. Nyota aliyenunuliwa akiwa na miaka 26 haleti hata senti ya namna hiyo.

Najua shabiki anayetembea hadi Mbaraki Jumamosi na jezi yake hataki kusikia asilimia. Amekuja kumwona mtu mmoja anayejua mpira. Ana haki. Lakini haki yake kubwa zaidi ni kujua kwamba huyo akiondoka, kuna mwingine amekaa benchi anasubiri, na kwamba aliyeondoka ameacha kitu nyuma. Viongozi wa Bandari wakituonyesha hayo mawili, wamuuze wamtakaye na sisi tutamsindikiza kwa dua. Wasipotuonyesha, basi kila dirisha litakuwa msiba, na kombe litaendelea kupita mbali nasi.