Mamboya ipo Kilosa, makumbusho yapo kwa wenzetu





Hivi karibuni nilikwenda Bagamoyo nikaingia Caravan Serai, jumba la karne ya 19 ambalo leo ni makumbusho madogo. Hapo ndipo bara ilipokomea na pwani kuanza: mpagazi aliyetoka Ujiji na pembe ya ndovu begani alitua mzigo, na bidhaa zikangoja jahazi la Unguja. Sina neno na watu wa Bagamoyo. Wametunza chao, na nilifurahi kukiona.

Ila njia ile ya misafara ilipita kwetu Kilosa. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, Njia ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara wana tembe la Livingstone, Ujiji wana makumbusho yake. Mamboya, iliyo wilayani Kilosa, imepewa nini zaidi ya kutajwa?

Msowero nayo ni ya Kilosa. Kila aliyepita shule amesoma habari za Mangungo, mtawala wa Msowero, na mkataba wake na Mjerumani Karl Peters wa 1884, tena mara nyingi kwa kumcheka mzee wa watu. Mtoto wa hapa Kidodi akitaka kuelezwa vizuri mambo hayo, apande basi hadi Mikumi, Morogoro, Chalinze, Msata, ndipo afike baharini akaambiwe habari za kwao. Nauli hiyo wazazi wangapi wanayo, msimu wa miwa ukiwa haujafunguliwa?

Kwenye sanaa ndiyo usiseme. Mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti kilichokuwa kikitumika katika unyago wa Wazaramo, Wakwere, Waluguru na Wakaguru, leo ukitaka kukiona cha zamani utakikuta kwenye makabati ya vioo huko Ulaya. Wakaguru ni watu wa wilaya hii. Wavidunda wa milima hii juu yetu nao wana ngoma na ufinyanzi wao, na wazee wanaojua kazi hizo wanazidi kutuacha.

Hatuombi jumba la fahari. Chumba kimoja chenye kufuli na mtu wa kukifungua kinatosha, kiwe Mikumi au hata hapa Kidodi, barabarani. Watalii waendao Udzungwa wanapita hapa kila msimu, wanapiga picha miwa, wanaondoka.

Wahusika wa mambo ya kale watujibu kupitia ukurasa huu: Mamboya itapata lini hata kibao cha kuieleza, na chumba hicho kimo katika bajeti ya mwaka gani?

Msomaji wako,
Kidodi, Kilosa