Picha, Taswira na Haki ya Mkazi wa Kibera

Neno "picha" katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: kinachopigwa kwa kamera na kinachochorwa kwa mkono. Zamani utata huu haukumdhuru mtu, kwani mchoro ulijulikana kwa kutazamwa tu. Leo mambo yamebadilika. Programu za kompyuta kama vile Blender na V-Ray hukokotoa jinsi miali ya nuru inavyogonga ukuta, inavyopenya kioo na kulifikia jicho la mtazamaji. Mlingano ulio msingi wa kazi hii ulichapishwa na James Kajiya mwaka wa 1986. Matokeo yake ni jumba ambalo halijajengwa, ilhali tayari lina vivuli vya saa kumi jioni.

Michoro ya aina hii aghalabu hutangulia miradi ya makazi. Mkazi wa Kawangware au Kibera anapoonyeshwa mmoja na kuambiwa, "Hii ndiyo picha ya nyumba zenu," ana kila sababu ya kudhani kwamba ameona ushahidi, kumbe ameona pendekezo.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Programu hukokotoa nuru. Kodi ya nyumba haiikokotoi. Mnamo Septemba 2009, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walianza kuhamishiwa fleti 600 za muda huko Lang'ata. Majengo yalikuwa ya mawe, yenye maji na umeme. Hata hivyo, kuna familia zilizolazimika kugawana fleti moja na kutumia jiko na choo kwa pamoja. Jambo kama hilo halina rangi wala kivuli. Hakuna mchoro, hata ufanane vipi na uhalisi, utakaolifichua.

Yamkini msomaji atasema kwamba michoro hii humfaa asiyeweza kusoma ramani ya msanifu majengo. Ni kweli, na ndiyo maana haifai kuachwa mikononi mwa wajenzi pekee. Blender imekuwa programu huria tangu 2002, nayo haina malipo. Vijana wa Kibera waliouchorea mtaa wao ramani ya dijitali mwaka wa 2009, katika mradi wa Map Kibera, walidhihirisha kwamba uwezo upo. Basi nao wausawiri mtaa wanaoutaka, vibanda vya biashara vikiwemo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Napendekeza "picha" libakie kwa kamera, kazi ya kompyuta iitwe "taswira", na kitendo chenyewe "kusawiri". Maneno hayo, pamoja na "sura", yana asili moja ya Kiarabu. Kisha chini ya kila taswira iandikwe, kwa Kiswahili, kwamba jengo halijajengwa, kodi itakuwa kiasi gani, na kila fleti itakaliwa na familia ngapi. Mkazi akishayasoma hayo, ndipo aulizwe kama anakubali kuhama.