Neno la juma: «drop»

Juma hili tumechukua neno la Kiingereza ambalo wengi wetu tunalo nyumbani bila kulialika: «drop». Limeandikwa juu ya vichupa vya dawa vinavyotufikia kutoka Uganda, Kenya na India, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunalipita tu kwa macho.

Wenye lugha yao wanalitumia kwa mambo mengi. Mtoto akiangusha sahani, ni «drop». Bei ya unga ikishuka, ni «drop» (laiti tungelisikia neno hilo sokoni kwetu!). Mwenye pikipiki akikuteremsha mbele ya kanisa, ni lile lile. Kila mara kuna kitu kinachokwenda chini, na tone la maji pia linaitwa hivyo. Kwenye dawa huandikwa «drops», yaani matone. Kifaransa husema «gouttes».

Lakini neno hilo peke yake halikuambii tone liangukie wapi. Tazama neno lililo mbele yake. «Eye» ni jicho. «Ear» ni sikio. «Nasal» ni pua. «Oral» ni kinywa. Eye na ear zinafanana sana kwa mtu anayesoma usiku kwa mwanga wa simu huku mtoto analia, na dawa ya sikio ikiingia jichoni inachoma na inaweza kuliumiza. Tunapenda hila ya mama mmoja wa kikundi chetu: akitoka farmasi anachora jicho au sikio juu ya chupa kwa kalamu, ili hata nyanya anayebaki na mtoto asikosee. Dawa ya macho ikishafunguliwa, kwa kawaida haitumiki zaidi ya majuma 4, basi andikeni na tarehe.

Matone ya kinywa ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Chukueni paracetamol, dawa ya homa tunayoijua sote. Ile ya kijiko mara nyingi ina miligramu 120 au 125 ndani ya mililita 5. Ile ya matone, ya watoto wachanga, mara nyingi ina miligramu 100 ndani ya mililita 1 tu. Chupa ni ndogo, kwa hiyo mtu anadhani dawa ni nyepesi, kumbe ni kali mara nne hivi. Mama akipoteza kale kamrija kenye kichwa cha mpira, akapima kijiko kimoja cha chai cha dawa ya matone, amempa mtoto miligramu 500. Hiyo ni tembe nzima ya mtu mzima. Paracetamol ikizidi inaharibu ini, na mtoto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Ikitokea hivyo, mpelekeni kituo cha afya mara moja pamoja na chupa yake, msingojee dalili. Hata Marekani wazazi walichanganya dawa hizi mbili, mpaka mwaka 2011 watengenezaji wakatangaza kwamba wataacha kuuza ile kali ya wachanga.

Kamrija ka chupa moja kasitumike kwa nyingine, maana matone hayalingani ukubwa. Kakipotea, rudini farmasi muombe kipimo chenye alama za mililita.

Neno hili lina matumizi mengine ya kuchekesha kidogo: «cough drops» si matone hata kidogo, ni pipi za kikohozi, za kumumunya. Msiwape watoto wadogo, zinaweza kuwakaba.

Mkutano ujao, mama mwenye kichupa cha Kiingereza nyumbani akilete. Tutasoma pamoja, na kalamu za kuchorea zitakuwepo.