SAUMU NA MOYO WA ASKARI

Mwezi Machi 2025, Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa tofauti ya siku chache tu. Hapa Bujumbura, Waislamu wa Buyenzi na Bwiza na Wakristo wa mitaa yote wakawa katika mfungo wakati mmoja. Miongoni mwao walikuwamo askari wa jeshi na polisi, ambao zamu zao hazisimami kwa ajili ya mfungo. Yafaa basi tuulize: saumu huufanyia nini moyo na mishipa ya damu?

Mji wetu uko karibu na ikweta, hivyo mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Afungaye tangu alfajiri hukaa bila chakula wala maji kwa muda wa saa 13 na ushei. Katika muda huo mwili hutumia sukari iliyohifadhiwa katika ini, kisha huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Mnamo mwaka 2019, wataalamu waliwapima wafungaji 85 kutoka misikiti mitano ya London, kabla na baada ya Ramadhani. Kipimo cha juu cha shinikizo la damu kilishuka kwa takriban 7, na cha chini kwa takriban 3. Huko Qatar nako, kumbukumbu za hospitali za miaka 1991 hadi 2001 hazikuonyesha kuwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi huongezeka Ramadhani. Kwa mtu mzima wa afya, basi, saumu si adui wa moyo.

Lakini faida ya mchana aghalabu huangamizwa usiku. Sambusa na chapati zilizojaa mafuta, chumvi bila kiasi, soda, na sigara iwashwayo mara tu baada ya adhana ya magharibi, vyote huirudishia mishipa mzigo uliopunguzwa. Shirika la Afya Duniani lashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja.

Hatari kubwa zaidi iko kwa askari ambaye shinikizo lake limefika 140 kwa 90 au zaidi, naye hulificha asije akaonekana dhaifu. Mtu huyo akiacha dawa kwa sababu amefunga, hujiweka karibu na kiharusi. Tena zipo dawa zinazotoa maji mwilini. Zikichanganyika na kiu na joto la bonde la Imbo, shinikizo laweza kushuka ghafla, mtu akaanguka na bunduki mkononi. Dawa nyingine zaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, lakini uamuzi huo ni wa daktari. Dini zenyewe humruhusu mgonjwa asifunge, wala si aibu kuitumia ruhusa hiyo.

Wakuu wa vikosi nao wana wajibu. Shinikizo la kila mmoja lipimwe kabla ya mfungo kuanza. Mazoezi mazito yafanywe nje ya jua kali. Na mlinzi wa usiku apewe nafasi ya kunywa maji ya kutosha. Askari aumwaye kifua au apatwaye na kizunguzungu afungue mara moja na apelekwe kwa tabibu.

Silaha hukaguliwa kabla ya zamu. Moyo wa aishikaye nao ukaguliwe.