Ukimpenda Rubani

Mwezi huu nakuandikia kutoka Msamala, Songea. Nilikuja kwa kaka yangu kupumzika siku nne, nile mahindi ya kuchoma na kulala. Wapi! Siku ya pili tu nikaitwa sebuleni kusuluhisha kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Binti wa kaka yangu amemaliza JKT na anataka kuomba nafasi jeshini. Hilo peke yake nyumba ilishalikubali. Kasheshe ni kwamba akili yake yote iko kwenye helikopta. Anataka kurusha. Mchumba wake, kijana mstaarabu mwenye kazi yake nzuri kule Peramiho, amesema hapana. Posa imepokelewa, mahari imezungumzwa, na sasa anamtaka binti achague: yeye au helikopta.

"Shikamoo shangazi," akanisalimia. Nilipoitikia tu, akanipa simu yake nisome. Ilikuwa habari ya Meja Naomi Karungi wa Uganda. Huyu dada alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kurusha helikopta katika jeshi la nchi hiyo, UPDF, na alifika hadi kuongoza kikosi cha helikopta za Jet Ranger. Januari 28, 2020 alikuwa angani na kadeti mmoja katika safari ya mafunzo. Helikopta ikaanguka wilayani Gomba. Wote wawili walifariki.

"Umeona, shangazi?"

Nimeona. Na wala sikubishana naye. Kwa kweli, mwanaume akikwambia anaogopa kumzika mke wake, usimjibu kwa hesabu za ajali. Hiyo hofu ni ya mapenzi, iheshimu. Nilimuuliza kitu kimoja tu: umekuja na nini leo? Na pikipiki. Na kofia ngumu iko wapi? Akacheka, akaangalia chini. Ameiacha nyumbani. Peramiho na Songea kila siku, kichwa wazi!

Basi na mimi nikamsimulia habari za mama mmoja wa Kifaransa, maana ukitaja wanawake na helikopta za vita, huwezi kumruka. Anaitwa Valérie André. Amezaliwa Strasbourg mwaka 1922. Tangu utotoni alitaka mambo mawili, udaktari na kuruka angani, na ada ya masomo ya urubani aliitafuta mwenyewe kwa kuwafundisha wenzake twisheni. Akawa daktari wa jeshi, akajifunza na kuruka kwa parachuti. Mwaka 1948 jeshi la Ufaransa likampeleka Indochina, nchi tunayoijua leo kama Vietnam na jirani zake, na huko akafanya kazi ya upasuaji, pamoja na ule wa kichwa na ubongo.

Sasa fikiria askari aliyepigwa risasi katikati ya mashamba ya mpunga na misitu. Kumfikisha hospitali kwa barabara ni saa nyingi, wakati mwingine siku. Watu wa Nyasa waliowahi kumbeba mgonjwa kwenye machela wakati wa masika hawahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1950 vikaletwa vihelikopta vidogo aina ya Hiller. Chumba cha rubani ni kama tone la kioo, na majeruhi analazwa kwenye machela iliyofungwa nje, mmoja kulia, mmoja kushoto. Basi. Wawili tu. Injini yake ilikuwa dhaifu mno kiasi kwamba kila kilo ilihesabika. Na daktari huyu alikuwa na kilo 45 hivi! Ule wembamba ambao mashangazi tungemsema nao kwenye harusi, huko ulikuwa mtaji.

Akarudi Ufaransa kujifunza kuirusha, kisha akarejea vitani akiwa rubani na daktari kwa pamoja. Desemba 1951, majeruhi wengi walikwama mahali panapoitwa Tu Vu, kaskazini. Helikopta ilikuwa kusini, Saigon. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye ndege kubwa hadi Hanoi, ikaungwa upya, na Valérie akairusha hadi Tu Vu huku mizinga ikilia. Alipotua hakuanza kupakia watu. Alianza kutibu, akiwapanga nani asubiri na nani hawezi kusubiri, ndipo akawa anawapeleka Hanoi, wawili wawili. Hebu vaa viatu vyake. Wewe ndiye unayesema, wewe na wewe, wengine nitarudi.

Kwa jumla huko Indochina alifanya safari 129 za helikopta na kuwatoa majeruhi 165. Wenyeji walimpa jina ambalo kwa kwetu lingekuwa Mama Pangaboi.

Hapo kaka yangu akakohoa. "Hiyo vita ilikuwa ya mkoloni." Kweli kabisa, na sikutaka kuificha. Sisi wa Songea tuna kaburi la mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, hatuhitaji kufundishwa. Ufaransa ilikuwa inapigana na watu waliodai nchi yao, na baadaye mama huyu akaenda Algeria, vita nyingine ya aina hiyo hiyo. Mimi siisifu vita ile. Namzungumzia mwanamke na kazi yake, na majeruhi aliowatibu walikuwa pia Wavietnamu.

Lakini sehemu niliyoitaka mimi ni ya ndoa. Rubani aliyetangulia kubeba majeruhi kwa helikopta kule Indochina alikuwa Alexis Santini. Valérie alimwona akionyesha helikopta hiyo Saigon mwaka 1950, na hapo ndipo hamu ilipomshika. Wakarusha pamoja miaka ile yote. Hakuna mtu aliyejua hatari ya kile chombo kuliko Santini. Na huyo huyo ndiye aliyemuoa, mwaka 1963, mama akiwa na miaka 41. Mwaka 1976 akapewa ujenerali, mwanamke wa kwanza nchini Ufaransa. Baba kanali, mama jenerali, nyumba moja! Najua wanaume wangapi wa rika langu wangelala kwa shangazi zao siku hiyo. Valérie alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 102.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Sikumwambia kwamba binti yetu naye atafika 102. Ningekuwa muongo, na Meja Karungi bado alikuwa pale kwenye simu, mezani.

Mwisho akauliza, taratibu, "Shangazi, na yeye huwa anaogopa?"

"Nani, Valérie?"

"Hapana. Huyu wangu."

Uchumba wa miaka miwili, na hajawahi kumuuliza! Nikamwonyesha jikoni kwa kidole. Akainuka, akavua viatu mlangoni, akaingia. Sauti ya kisukumio cha chapati ikanyamaza.

Chapati zililiwa saa nne usiku, zimepoa, na hakuna aliyelalamika.